Kinga ya Kuazima

Shangazi yangu ni fundi cherehani, na tangu mlango wa basi umbane mguu, cherehani yake ya kukanyaga imekaa kimya. Kampuni ya mabasi haikumpa hata pole. Alipoishtaki, ikaja na hoja kwamba haishtakiki: inabeba abiria kwa mkataba wa serikali, kwa hiyo kinga ya serikali inaifunika nayo. Ikaomba kesi ifutwe kabla ya kusikilizwa.

Nilikasirika mpaka chai ikapoa mezani. Mfanyakazi wao akidai haki za mtumishi wa umma, wanamwambia hii ni kampuni binafsi. Ndumilakuwili wakubwa.

"Mimi wanisikilize tu," alisema shangazi, akijipaka dawa gotini. "Nikishindwa baada ya kusema, nitalala usingizi."

Mahakamani wakili wao alizungumza vizuri, lazima nikiri. Hakimu, mama mmoja mwenye sauti ya chini, akamjibu: "Serikali ikikuagiza jambo ukalifanya, kinga yake inaweza kukufunika. Ukijiamulia mwenyewe, mzigo ni wako. Mlango ulikuwa mbovu. Nani aliamua basi litoke hivyo hivyo?"

Wakili alifungua kinywa, lakini mkurugenzi wa kampuni alishasimama. Huyu bwana mjini tunamwita Jogoo, na si kwa sababu ya kuamka mapema.

"Mheshimiwa, mabasi ni yangu," alisema, akinyoosha tai. "Gereji yangu, mafundi wangu. Basi likitoka, nimeruhusu mimi. Hao wa serikali hata geti la gereji hawalijui. Hakuna wa kunipangia."

Wakili wake akafumba macho kama mtu aliyeshikwa na jino. Nilimwonea huruma, ila si sana.

"Ulimi uliponza kichwa," shangazi akaninong'oneza. Nikajifanya nakohoa.

"Basi umejibu mwenyewe," alisema hakimu. "Pingamizi limetupwa, kesi tunaanza sasa hivi." Akamgeukia shangazi. "Mama, tueleze ilivyokuwa. Unaweza kukaa, mguu usije ukakuuma."

Shangazi alikikataa kiti. Akashika ukingo wa kizimba, akaanza na sare za shule alizokuwa akimpelekea mteja asubuhi ile. Jogoo alitaka kumkatiza, wakili wake akamvuta koti mpaka akakaa. Nilifurahi hata nikaona haya. Shangazi hakuwa na haraka. Alisema yote, na karani akaandika kila neno.