Takrima ya Bwana Akida

Mikidadi alipanda mlima akiimba, na dada yake Mwanaheri, aliyekuwa akianua mpunga uani, akajua kwamba shauri lao limekwenda vizuri. Mikidadi hakuwa mtu wa kuimba kwenye mwinuko. Nyuma yake, akihema kama mvukuto wa mhunzi, alikuja Bwana Sherali, mwenye duka mjini Morogoro, ambaye tangu shauri lilipoanza ndiye aliyekuwa wakili wao. Ndiye aliyeyaandika madai yao, na ndiye aliyesimama bomani mbele ya Wadachi kuwasemea.

“Shikamoo, dada.”

“Marahaba. Karibu, Bwana Sherali. Kaa kitako kabla mlima haujakukalisha wenyewe.”

“Mlima wenu huu, Mama,” alisema Sherali huku akijipepea kwa kofia, “ungekuwa mteja wangu, nisingeukopesha hata kibiriti.”

Mikidadi alizieleza habari akiwa amesimama, kwa kuwa furaha ilimkataza kukaa. Tume ya ardhi imewapa haki. Kesho asubuhi Bwana wa Tume mwenyewe atapanda hadi bondeni, ataoneshwa mipaka, kisha hati itapigwa muhuri papo hapo, na bonde la juu ya Kilakala litaandikwa kuwa mali ya ukoo wao daima dawamu.

Mwanaheri aliuweka ungo chini, akamshukuru Mungu. Mwaka mzima alikuwa halali usingizi wa kueleweka. Mzungu mmoja mwenye mashamba ya mpira alikuwa amelitamani bonde lile, akadai kwamba halina mwenyewe. Na sheria ya Wadachi ilisema kwamba ardhi isiyo na mwenyewe ni ya serikali, na serikali humwuzia imtakaye. Kilichowaokoa ni ngoto. Kila mavuno, watu wa koo nyingine waliokaribishwa kulima bondeni humletea mkuu wa ukoo mazao ya kwanza, mabichi, ndani ya tenga, wakayaweka miguuni pake. Hiyo ndiyo ngoto, na aiwekaye huwa amekiri, bila ya kutamka neno, kwamba ardhi ni ya yule anayewekewa na kwamba yeye ni mgeni tu. Wageni hao walikwenda bomani wakalieleza jambo hilo mmoja baada ya mwingine, hata Bwana wa Tume akaridhika kwamba apokeaye ngoto ndiye mwenye ardhi.

“Sasa imebaki shukrani,” alisema Mikidadi. “Waliohangaika kwa ajili yetu hatuwezi kuwaacha waondoke mikono mitupu.”

“Hilo ni neno. Bwana Sherali tutamvika kilemba, kama watu wa pwani wamfanyiavyo fundi aliyemaliza kazi.”

“Kilemba!” Sherali alishika kichwa. “Mama, dukani kwangu majora ya nguo yamefika darini. Nikirudi na nguo nyingine, mke wangu Parveen atanifungia nje. Nipeni asali ya mlimani, nami nitawaombea dua.”

“Asali utaipata. Na Akida, je?”

Akida Salehe alikuwa mtu wa pwani, aliyewekwa na Wadachi kuzitawala sehemu zile. Hakupendwa; lakini haki ya mtu ni haki yake. Ndiye aliyewakusanya wageni wa bondeni na kuwafikisha bomani kutoa ushahidi, na bila ya ushahidi ule shauri lingekufa.

“Akida hana makuu,” alisema Mikidadi. “Nilimwuliza anataka nini, nikadhani atataja ng’ombe. Akasema, ‘La, sitaki kukutia hasarani. Niletee tenga la mpunga mpya. Ulibebe wewe mwenyewe, uniwekee miguuni kesho bondeni, watu waone kwamba ukoo wenu unajua kushukuru.’ Nikamwitikia.”

Mwanaheri alimgeukia.

“Ulimwitikia mbele ya nani?”

“Mbele ya askari wake. Kwani pana nini?”

“Mkuu wa ukoo anaweka mpunga mpya miguuni pa mtu, juu ya ardhi ileile, Tume ikitazama. Jambo hilo linaitwaje, Mikidadi?”

“Linaitwa takrima! Mimi nimekaa pwani, dada. Bagamoyo liwali hupelekewa matenga kwa matenga, na sijamsikia mtu akisema kwamba Bagamoyo ni shamba la liwali.”

“Huko ni Bagamoyo. Hapa Wadachi wameuliza bonde ni la nani, nawe unataka kuwajibu kwa kichwa chako na mikono yako kwamba ni la Akida.”

Kosa lile lilikuwa la Mikidadi hasa. Aliondoka mlimani angali kijana, akabeba mizigo ya misafara hadi mvi zilipomwotea, akarudi pale tu mjomba wao alipofariki na ukuu wa ukoo ukamwangukia. Ngoto aliijua kwa kuipokea. Hakuwahi kuibeba, wala hakuwahi kulitazama kwa makini jicho la mtu anayeibeba.

Sherali aliacha kujipepea.

“Mama Mwanaheri,” alisema polepole, “juzi Akida alikaa barazani kwangu pamoja na yule Mzungu wa mpira, wakinong’ona. Mzungu alipoondoka, Akida aliniuliza kama jina laweza kubadilishwa katika hati kabla ya muhuri, iwapo Tume itaona kwa macho yake kwamba mpokea ngoto ni mtu mwingine. Nilidhani ni udadisi wake. Nikamwambia laweza. Kumbe bonde likiandikwa jina lake, atamwuzia Mzungu.”

Mikidadi alikaa. Furaha ilikuwa imemtoka yote.

“Nitakataa,” alisema.

“Ukikataa, umemvunjia ahadi mbele ya mashahidi. Utalazwa chini upigwe kiboko, kisha, kwa kuwa ndiye atakayemsomea Bwana wa Tume mipaka, ataisoma apendavyo yeye.”

“Basi nimpe mbuzi.”

“Atasema hakuomba mbuzi.”

Mwanaheri aliutazama mpunga ndani ya ungo, akauchota kwa kiganja, akauacha uchuruzike.

“Ngoto ni mbichi,” alisema hatimaye. “Haitwangwi, haipikwi. Chakula kilichopikwa huandaliwa nani, ndugu yangu?”

“Huandaliwa mgeni.”

“Basi Akida ataupata mpunga wake. Ila ataupata ukiwa wali.”

“Ataniua!”

“Atatamani. Lakini kwanza itambidi aseme, mbele ya Bwana wa Tume, kwa nini anautaka mbichi.”

Jua lilipochomoza, michi ilikuwa imekwisha kunyamaza katika nyua za ukoo. Lilipokuwa limepanda kidogo, Bwana wa Tume alifika akiwa amelowa umande hadi magotini, Mdachi mwembamba aliyesema Kiswahili cha kujifunza vitabuni. Nyuma yake walikuja karani na sanduku la muhuri, askari kadhaa, Mzungu wa mpira akiwa juu ya nyumbu, Sherali akiwa juu ya miguu yake mwenyewe, na Akida Salehe katika joho jeusi. Wageni wa bondeni walikuwa wamekusanyika kandokando ya shamba.

Mipaka ilitembelewa. Akida aliisoma kwa sauti nzuri, kuanzia kijito hadi kwenye mwamba, bila ya kukosea mahali popote. Hilo ndilo lililomtisha Mwanaheri kuliko yote, maana mtu haipambi nyumba ya jirani kwa bidii kiasi kile.

Meza ilitengwa, sanduku likafunguliwa.

“Kabla Bwana hajapiga muhuri,” alisema Akida, “watu hawa wana jambo lao la kienyeji. Ni vyema Bwana alishuhudie. Mikidadi! Iko wapi amana yangu?”

Mikidadi alimgeukia dada yake. Mwanaheri akajitokeza, na wanawake wawili nyuma yake. Walitandika jamvi, wakatua sinia la wali unaofuka moshi, bakuli la mchuzi wa kuku, na birika la maji ya kunawa.

“Karibu, Bwana Akida. Ukoo unakushukuru.”

Akida aliutazama wali kama mtu aliyeoneshwa nyoka. “Nini hiki?”

“Mpunga wako.”

“Niliagiza mpunga, ewe mwanamke. Sikuagiza wali.”

“Mpunga una maganda, Bwana Akida. Umetufanyia kazi kubwa. Tungekuwa watu wa namna gani tukikupa maganda uyatafune?”

Kicheko kilipita katikati ya wageni, kikazimwa upesi. Askari mmoja alijikoholesha. Akida alitabasamu kwa midomo peke yake.

“Tuliahidiana na ndugu yako. Mpunga mpya, ndani ya tenga. Au neno la mkuu wa ukoo huu halina uzito?”

Bwana wa Tume aliinua kichwa. “Kuna tofauti gani? Mpunga, wali, vyote ni chakula.”

Mwanaheri alijua kwamba akimshtaki Akida waziwazi, ataangamia yeye na wanawe. Alikunja mikono kifuani, akasema kwa sauti ya upole:

“Tofauti yake Bwana Akida anaijua, Bwana Mkubwa, maana ndiye aliyetuletea mashahidi walioieleza bomani. Apewaye kibichi ni mwenye ardhi. Apewaye kilichopikwa ni mgeni wa heshima. Sisi tunamheshimu. Lakini ikiwa ana sababu ya kukitaka kibichi, na aiseme hapa, sote tuisikie.”

Mzungu wa mpira alianza kuzichunguza kwato za nyumbu wake.

“Sababu ipo,” alisema Akida bila ya kubabaika. “Leo ni Alhamisi, nami nimefunga sunna. Ningeuchukua mpunga nyumbani, ukapikwa baada ya magharibi. Ndiyo maana niliagiza mbichi.”

Bwana wa Tume alitikisa kichwa kwa kukubali. Maelezo yale yalimwingia akilini. “Basi mpeni mpunga wake,” alisema, “mambo yaishe.”

Mwanaheri alihisi ardhi ikimponyoka chini ya nyayo. Alimtazama Sherali. Sherali aliitazama kofia yake. Duka lake lilikuwa chini ya jicho la Akida, na neno moja la Akida lingetosha kulifunga. Aliigeuza kofia, akaigeuza tena, kisha akaivaa.

“Subhanallah,” alisema. “Amefunga? Bwana Akida, asubuhi hii ulikunywa chai barazani kwangu, ukala maandazi ya Parveen, na jua limekwisha kutoka.”

“Nilikula kwa kusahau,” Akida alijibu upesi. “Alaye kwa kusahau, funga yake haiharibiki.”

“Ni kweli, ndivyo tulivyofundishwa. Lakini sahani nzima, Bwana Akida? Na ilipokwisha ukasahau tena, ukaomba nyingine?”

Safari hii kicheko hakikuzimika. Bwana wa Tume peke yake hakucheka. Alimtazama Akida, akamtazama Mzungu wa mpira aliyeinama kwatoni, akaurudisha uso wake kwa Akida na kumkazia macho.

“Akida,” alisema. “Kula.”

Akida alikaa kwenye jamvi. Mkono wake ulikawia chini ya maji ya birika, hata ikaonekana kana kwamba hautatoka. Kisha akafinyanga tonge, akalitia kinywani, akalimeza. Kutoka miongoni mwa wageni mzee mmoja alisema, kwa sauti ya kutosha kusikika, “Karibu, mgeni mwenzetu.”

Muhuri ulishuka.

Wino haujakauka, Akida alikuwa amesimama. Alipangusa mkono, akasema kwa sauti ya kazi, kama ilivyokuwa haki yake kusema: “Serikali inatengeneza barabara ya Kisaki na inataka watu. Mikidadi, jina lako ni la kwanza. Utachukuliwa leo alasiri. Na wewe Sherali, nitakuja kuikagua mizani yako.”

“Na ikaguliwe,” alijibu Sherali, ingawa uso ulikuwa umemsawijika. “Chai itakuwapo.”

Mchana ule Mikidadi alikunja mkeka wake uani. Mwanaheri alimfungia chumvi na unga katika kitambaa.

“Dada,” alisema Mikidadi, “ulijua kwamba atanilipizia mimi?”

“Nilijua.”

“Nawe hukuniambia.”

“Ningekuambia, ungelibeba tenga.”

Mikidadi alimtazama kwa hasira, na Mwanaheri hakuyakwepa macho yake. Kisha Mikidadi ndiye aliyeinama, akaikaza kamba ya mkeka kwa meno.

“Upande wangu wa bonde,” alisema, “ule ulio karibu na kijito. Pandeni maharage. Msiuache uote nyasi.”

“Hautaota.”

Alijitwika mkeka, akateremka peke yake asiwangoje askari, ili watoto wa dada yake wasije wakamwona akifungwa kamba.