Fizi za Mama Mdogo na Daktari wa Dakika Saba

Kliniki ninapofanya usafi ina daktari wa meno anayeitwa Dakika Saba. Jina kajipa mwenyewe. Wenzake wakipanda jino la bandia huchana ufizi, huufunua kama pindo la nguo, hukaza skrubu mfupani, kisha hushona. Yeye ana kitoboleo cha duara: anakandamiza, anazungusha, kiduara cha nyama kinatoka, skrubu inaingia. Hakuna uzi. Saa ya ukutani anaitazama kuliko kinywa cha mtu.

Trei zake naosha mimi. Viduara vile navijua: vingine vinene, vingine vyembamba hadi mwanga unapita. Wenye vyembamba ndio waliorudi baada ya miezi, ufizi umepanda, chuma kinachungulia.

Ikafika zamu ya mama mdogo, jino la mbele. Yeye anauza vitambaa. Mdomo ndio duka lake. Na fizi zake, ganda la kitunguu lina afadhali. Nikaacha ndoo mlangoni.

"Daktari, huyu ufizi wake mwembamba. Ukiutoboa hautabaki wa kufunika chuma. Mchane tu, umshone."

Alicheka mpaka barakoa ikampanda machoni. "Msikieni profesa wa dekio! Umesomea wapi?"

"Kwenye trei zako."

Nesi akajifanya anatafuta glavu. Mama mdogo, ganzi imeshamkamata nusu ya mdomo, akanikaripia kwa nusu iliyobaki: "We mtoto, usinitie aibu. Daktari ni daktari."

Dakika sita na nusu. Akajipigia makofi.

Baada ya miezi mitano chuma kilikuwa nje, cha kijivu kama ukucha uliokufa. Daktari akamshikia kioo. "Shida yako unacheka sana, mama. Kucheka kunavuta fizi."

Mama mdogo alitoka, akakaa ukumbi wa kusubiria, kiti kinachotazamana na mlango. Kila mgonjwa aliyeingia alipokewa kwa tabasamu la meno yote.

"Karibu, mwanangu. Umekuja kwa Dakika Saba? Hata hili langu ni mkono wake."

Mpaka saa sita, wanne walikuwa wameomba daktari wa kushona. Dakika Saba akatoka, kitoboleo mkononi, hana wa kumtoboa.

"Mama, mbona unanifukuzia watu?"

"Mimi? Nimefungua mdomo tu, baba. Kazi ni yako."