Malka na Shamba la Kache

Kompyuta ya Mumina pale Garsen ilijua malka tu, zile njia za ng'ombe kushukia mtoni kunywa maji. Alizipima mwenyewe kwa miguu, jua la utosi. Mashamba yalikuwa kwenye kompyuta ya Tarasaa, kwa mpimaji mwenzake, Ngala. Wote wawili walituma kazi yao Malindi kwa waya wa simu, tena simu ya kubembelezwa, na kila mmoja akiomba aliweza kuona cha mwenzake. Ijumaa Malindi wangechapa ramani nzima, na mawe ya mipaka yangefuata mistari yake.

Juma hilo babake Mumina, mzee Jatani, alikuja ofisini, akautazama mstari wa malka yao kwenye kioo.

"Panua kidogo," alisema. "Ng'ombe si askari. Hapana tembea kwa mstari."

Mumina akapanua. Nani angeumia? Kando ya mstari palikuwa peupe, na mtoto wa mfugaji akiona mahali patupu huwafikiria ng'ombe kwanza. Akautuma.

Alhamisi aliyaomba mashamba ya Tarasaa. Yakaingia polepole, moja moja, mpaka ule weupe ukajaa kijani. Shamba moja lilikuwa limekalia nusu ya malka. Kando yake, ndani ya ule upana aliouongeza, pakatokea alama ya nyumba. Akabonyeza amjue mwenyewe. Kache, mamake Ngala.

Ngala angeweza kulisogeza shamba lile, na nani angejua? Lakini alilichora lilivyo, juu ya njia ya watu. Aibu ilimpanda Mumina mpaka masikioni. Alifungua vipimo vyake vya kwanza, akaurudisha mstari pale alipopita kwa miguu, akautuma upya. Nyumba ikawa nje ya njia. Nusu ya shamba ikabaki ndani.

Alasiri simu ikalia. Alikuwa Ngala.

"Dada Mumina, jana nimemwambia mama aanze kufunga vyombo. Sasa naona nyumba imetoka njiani. Kumetokea nini?"

"Nilikuwa nimepanua. Nimerudisha nilichopima."

Waya ukakoroma.

"Shamba ni kosa letu," akasema Ngala. "Mama alilima baada ya mafuriko, ng'ombe wenu walipokuwa mbali. Aliona patupu."

"Na mimi niliona patupu, Ngala."

"Nitamwambia aache."

"Mahindi yamefika wapi?"

"Yamebeba."

"Basi avune kwanza. Ng'ombe watapita malka ya juu mpaka amalize."

"Mzee amekubali?"

"Mwambie mama avune," alisema Mumina.

Akaweka simu, akafunga ofisi, akashika njia ya soko la mifugo kumtafuta Jatani, amwambie ameshawaahidi watu kwamba ng'ombe wake watapita malka ya juu.