Habari za Nyumbani

Uji ulikuwa na sukari. Hapo ndipo Janepher alipoogopa.

Alikuwa ameonjeshwa kikombe na mwalimu wa chekechea ya kambi ya jeshi, mama mnene mwenye tabasamu lililokaa usoni kama nguo ya kuazima. Sukari! Mji wa Jinja umezungukwa na miwa kila upande, lakini miaka ile mtu akikuona na robo kilo ya sukari hakukuuliza umeinunua wapi, alikuuliza mjomba wako ana cheo gani jeshini.

"Hapa watoto wanakunywa mara mbili kwa siku," mwalimu alisema. "Ada hakuna. Wewe leta mtoto tu."

Janepher alirudisha kikombe kikiwa nusu, akamshika Nekesa mkono, akaaga kwa adabu zote alizofundishwa na mama yake. Nekesa, mwenye miaka minne na nusu, alikililia kile kikombe mpaka barabarani.

Chekechea ya pili, pale mjini, mwalimu aliuliza kazi ya baba kabla hajauliza jina la mtoto. Janepher akasema samahani, amekosea mlango.

Na siku zilikuwa zinakwisha. Mama Romano, jirani yao wa Masese, alikuwa ameuliza mara mbili, kwa sauti laini ya mtu anayeomba chumvi: "Nyabo, dada yangu, wewe ukienda kiwandani, mtoto unamwachia nani?"

"Jumatatu anaanza chekechea," Janepher alijibu, bila kujua chekechea ipi.

Maana Nekesa alikuwa akibaki na baba yake. Na baba yake, kwa jinsi mtaa mzima ulivyojua, hakuwako. Mumewe Barasa alisharudi kwao Kenya tangu redio ilipoanza kuwaita Wakenya wapelelezi. Ndivyo Janepher alivyotangaza bombani, akilia machozi ya kutosha ndoo. Kweli yenyewe ilikuwa nyuma ya pazia: dereva wa lori mwenye urefu wa mlango, amejikunja kati ya kitanda na ukuta, akikohoa ndani ya mto, akingojea dereva mwenzake amvushe mpakani Malaba mwisho wa mwezi ujao. Mtoto asipotoka asubuhi, nyumba haionekani tupu. Na nyumba isipoonekana tupu, askari watakuja kuitazama.

Janepher hakuwa mjinga. Walipokuwa Mbale, kule Malukhu, mtoto wa jirani alisimulia chekechea jinsi baba yake alivyoizima redio katikati ya hotuba. Kesho yake yule baba aliingizwa kwenye buti ya gari mchana kweupe, watu wakitazama viatu vyao.

Kwa hiyo alipofika Bugembe, kwenye baraza la kanisa dogo la mabati, alinusa kwanza. Uji wa chumvi. Vikombe vya makopo. Mwalimu Wilkista mwenyewe, mwembamba, gauni limetiwa viraka viwili vya rangi mbili. Janepher akafurahi moyoni mpaka akaona aibu. Mwalimu asiye na sukari, alijiambia, hana rafiki kambini. Akamwandikisha mtoto hapo hapo.

Halafu akaanza kumfundisha kila jioni. Au tuseme Barasa ndiye aliyefundisha, kwa kunong'ona, kichwa kimetokeza pazia.

"Baba yuko wapi?"

"Baba hayupo."

"Nani analala nyumbani?"

"Mama na mimi. Baba hayupo."

Na baba asiyekuwapo akapiga makofi bila sauti.

Wiki ya tatu, Mwalimu Wilkista alimwita Janepher ndani, kwenye chumba cha kuwekea majembe ya kanisa. Akafunga mlango.

"Nyabo, kila asubuhi tunaanza na habari za nyumbani. Mtoto anasimama, anasema kuku ametaga, bibi amekuja. Mtoto wako akisimama anasema baba hayupo. Namuuliza umekula nini. Baba hayupo. Jana nilimuuliza ng'ombe ana miguu mingapi."

"Akasema?"

"Baba hayupo."

Janepher alicheka. Mwalimu hakucheka.

"Nimefundisha watoto wengi wasio na baba," alisema. "Hao hawasemi hayupo. Hao wanauliza atarudi lini."

Huko nje watoto walikuwa wakikimbizana.

"Sijaandika," mwalimu alisema, akionyesha daftari lenye jalada la bluu. "Ya Nekesa sijaandika. Lakini Ijumaa afande anakuja kulichukua, asome watoto wamesema nini. Shule zote wanalo. Mwezi mzima nimempa kuku na bibi. Ameniambia, mwalimu, watoto arobaini, na hakuna baba hata mmoja mwenye mdomo? Amesema nikimletea kuku tena, ataniuliza mimi habari za nyumbani kwangu. Na mimi nina wangu."

"Nitamwondoa mtoto leo leo."

"Akiondoka, lazima niandike kwa nini ameondoka."

"Sasa unataka nini kwangu, mwalimu? Pesa sina."

"Mimi sitaki kitu, bambi. Daftari ndilo linataka."

Akachukua kitabu kingine, kile cha majina, akakigeuza kimwelekee Janepher.

"Kusoma unajua?"

"Nilifika la nne."

"Basi chagua wewe, nimwandike nani. Mimi siwezi. Wote nimewafundisha kunawa, wengine nimewatoa funza kwa mkono huu. Wewe huwajui."

Janepher alitaka kukataa. Tena alikataa, kwa kichwa, mara mbili. Kidole chake ndicho kilichokuwa kimekwisha kufika kwenye karatasi. Kikaruka majina ya watu wa kwao Mbale. Kikaruka jina la Mkenya. Kikamkuta mtoto ambaye Janepher aliwahi kutembea njia moja na mama yake, kikaruka. Kilikuwa kikitafuta jina lisilo na sura, na karibu na chini ya ukurasa kikalipata.

"Roselyn Kirunda," mwalimu alisoma, akalowesha ncha ya penseli kwa ulimi. "Haya. Baba yake anafanya nini?"

"Mimi nitajuaje?"

"Tuseme anapokea wageni usiku." Akaandika polepole, kwa mwandiko mzuri wa kufundishia, kila herufi imekaa vizuri juu ya mstari. Kisha akakitwaa kitabu cha majina, akafungua mlango, akatoka kwenda kuita watoto.

Janepher alipita pembeni mwa baraza, kichwa chini, amechelewa kiwandani. Nyuma yake majina yalianza kuitwa, na vijisauti vikaitika kimoja kimoja. Nekesa aliitwa, akaitika.

"Roselyn Kirunda!"

"Nipo, mwalimu!"

Sauti ilikuwa kubwa kuliko zote. Janepher aligeuka, ingawa alikuwa amejikataza. Mtoto alikuwa amesimama kwenye ncha za vidole, mkono juu. Mwalimu alikuwa ameshaita jina la pili baada yake, na la tatu, macho kwenye karatasi. Mkono ulikuwa bado juu, ukingoja kuonekana.