Kiraka cha Mnarani

Mchuma janga hula na wa kwao. Siku tatu Mzee Randa alikuwa akila bila kushiba, na janga lenyewe lilichumwa na mpwa wake, binti wa dada yake, aliyekuja likizo na futi na daftari ili aandike historia ya kanisa la zamani.

Kanisa hilo la Kianglikana lilikuwa halijasaliwa miaka arobaini na moja. Watu wa kijiji walisogea karibu na barabara kuu, wakajenga jipya huko, la zamani wakawaachia popo. Binti alipima kuta za mawe na chokaa, akakuta unene wake ni hatua nzima. Akachora madirisha marefu yaliyochongoka juu. Akahesabu kenchi za paa, zilezile ambazo mjomba wake alizikarabati enzi za useremala wake, hata watu wakambandika jina la Randa. Yote heri. Kisha akaja na barua ya askofu wa wakati ule.

"Mjomba, harusi yenu ilikuwa lini?"

"Mwaka uleule kanisa lilipofungwa. Tarehe kumi na nne, mwezi wa sita. Mvua ilinyesha, na mimi nilikuwa na viatu vya kuazima."

"Vilikuwa vinalia kama bata," mkewe akadakia kutoka jikoni.

Binti akaitazama karatasi. "Hii barua ya kulifunga kanisa ni ya tarehe mosi, mwezi huohuo."

Mkewe akatokeza mlangoni na mwiko mkononi. "Kumbe miaka yote hii nampikia mpangaji!"

Akacheka, lakini kicheko kikakatikia njiani, na Mzee Randa alikiona kilipokatikia. Baba wa mkewe alikuwa katekista. Alikubali kumtoa binti yake kwa seremala asiye na viatu kwa sharti moja tu: waoane kanisani, kihalali, bila ujanja ujanja. Mzee wa watu alikufa akiamini kwamba sharti lake lilitimizwa.

Tangu hapo mkewe akawa mtu wa maneno machache. Na Mzee Randa, ambaye tangu ujana hakuwahi kujua mwanamke yule alimpendea nini, akaingiwa na hofu. Asubuhi ya siku ya nne alimwona akivuta sanduku uvunguni mwa kitanda, akatoa vitu na kuvifunga kwenye kitambaa. Akataka kuuliza, mdomo ukawa mzito. Mwanaume mzima wa miaka sabini, anaogopa furushi!

Mara binti akaingia mbio. "Mjomba, nimeupata ukurasa wa pili! Askofu anasema kanisa lihesabiwe limefungwa siku kengele itakaposhushwa, siyo kabla. Sasa ilishushwa lini?"

Mzee Randa alikumbuka kengele ikilia siku ya harusi. Au alikumbuka kwa sababu alitaka kukumbuka? Neno lake mwenyewe lisingemtosha mtu, hata yeye.

"Twendeni mnarani," alisema. Mkewe akachukua furushi lake, akafuata.

"Waliojenga mnara huu hawakufikiria mbele," alimwambia mpwa wake, wote wameinua shingo. "Kengele ilitundikwa kwanza, halafu kuta zikapandishwa kuizunguka. Kwenye mlango wa chini haipiti hata ukiipaka mafuta. Siku ya kuishusha ikabidi ukuta utobolewe. Unakiona kile kiraka cha matofali katikati ya mawe? Kazi ya Mwashi, rafiki yangu, Mungu amrehemu. Na Mwashi hakuwahi kuacha ukuta bila kuuandika tarehe kwa msumari, chokaa ikiwa mbichi. Ndiye aliyeniazima vile viatu."

Binti akaegemeza ngazi, akataka kupanda. Mzee Randa akamzuia. Ndoa ilikuwa yake, na ngazi ikawa yake. Alipanda vidato kumi na kimoja, magoti yakinung'unika kila kidato, akasugua vumbi na kuvu kwa mkono wa shati. Herufi zikajitokeza moja moja. Akazifuata kwa kidole.

"Soma basi!" mkewe alipaza sauti kutoka chini.

"'Kengele imeshuka leo,'" alisoma. "'Tarehe kumi na saba, mwezi wa sita.' Na mwaka ni wetu! Siku tatu, mke wangu! Siku tatu baada yetu!"

Binti akapiga kigelegele, popo wakatawanyika. Mzee Randa akashuka, akakaa kwenye kidato cha mwisho. Alifurahi mpaka akaona aibu. Mkewe alikuwa bado anakitazama kiraka.

"Baba, umesikia?" alimwambia polepole marehemu baba yake.

Hapo ndipo Mzee Randa alipopata ujasiri. "Na hilo furushi ulikuwa unalipeleka wapi?"

"Kwa kasisi."

Akalifungua. Ndani mlikuwa na shela yake ya harusi, imegeuka manjano, na viatu vyeusi vya kiume, vya Mzee Randa mwenyewe, vimepigwa rangi hadi vinang'aa.

"Kama tarehe ingekataa, tungepitiliza kulekule atufungishe ndoa leo leo," alisema. "Ila safari hii ungevaa viatu vyako."

Mzee Randa akavua kandambili, akavivaa.