Nyuzi Thelathini za Marehemu

Maswali ya ujazo Kitinda aliyamaliza mapema: tangi, boksi la chaki, ndoo ya bati. Likabaki la mwisho, lililotaka wanafunzi wapime pembe za pembetatu yoyote ya nyumbani. Yeye hakuwa na haja ya kutafuta mbali. Babu yake alikuwa na kiwanja cha pembe nne, akakikata mshazari, kila mwana akapata pembetatu yake. Moja ilikuwa ya baba yake Kitinda, ambaye sasa ni marehemu. Ya pili ya baba mdogo. Kati yao palikuwa na ukuta.

Akazunguka na kipimapembe, akajumlisha. Nyuzi mia moja na hamsini. Akarudia, zikaja zilezile.

"Mama, pembe zetu hazifiki."

Mama alikuwa anaanua nguo. "Najua. Tangu tumzike baba yako kitanda hakikai konani. Nikadhani kimenenepa."

Kesho yake mwalimu wa hesabu akaja na kipimapembe kikubwa cha ubaoni. Naye akapata mia na hamsini.

"Mtoto hajakosea," akasema. "Lakini uzi haupotei, mama. Hushonewa nguo nyingine."

Wakavuka kwa baba mdogo, wakapima. Mia mbili na kumi. Kwenye kona yake iliyokuwa nyembamba kuliko zote, lori lilikuwa linageuza bila kurudi nyuma.

"Zimekuja zenyewe," baba mdogo akasema, akiwasogezea viti. "Mgeni akija kwako, mwalimu, utamfukuza?"

"Zilikuja siku uliyoazima kamba ya kupimia, shemeji," mama akasema.

"Kamba si niliirudisha?"

Afisa ardhi alipoitwa alipima pande zote tatu za kiwanja cha mjane, akazilinganisha na ramani. Hata inchi moja haikupungua. "Pande zenu zipo," akasema. "Pembe haziandikwi hapa." Akaomba maji, akanywa, akaenda zake.

Mama hakubishana tena. Alimwita seremala, akaipunguza meza ncha mbili, na kabati likahamia uani.

Siku ya mtihani, karatasi ilitaja pembe mbili za pembetatu ikauliza ya tatu. Kitinda akakaa nayo muda mrefu, kisha akanyoosha mkono. Msimamizi akamwinamia.

"Samahani, mwalimu. Pembetatu hii ni ya nani?"

Msimamizi akaitazama. "Ya mtihani."

"Basi zinafika mia na themanini," Kitinda akasema, akaandika jibu.

Alifaulu vizuri sana. Baba mdogo akaja kumpongeza, ila alisimama nje, kwa kuwa ndani asingeenea.

"Hesabu imo kwenye damu yetu," akasema.

"Asante, shemeji," mama akajibu, akajibanza ukutani ili binti yake apite na vitabu vya shule mpya.