Runinga ya Chumbani

"Simama hapo," mke wangu aliniambia, "kisha useme kitu."

Nilikuwa nimeshasimama mbele ya runinga tatu, na hiyo ilikuwa ya nne. Ukuta mzima wa duka ulikuwa runinga bapa, kubwa kwa ndogo, zote zikiwaka, zote zimezimwa sauti. Katika kila kioo mwanamke yuleyule wa gauni la kijani alikuwa akimgombeza mwanamume yuleyule. Wateja wengine walizitazama runinga. Mke wangu alisimama ubavuni pangu, akanitazama mimi.

"Niseme nini?"

"Chochote. Unavyowaambia wanafunzi wako."

Basi nikakitazama kioo, nikasema, "Kanyaga klachi. Taratibu. Nimesema klachi, mama, hiyo ni breki." Dada muuzaji akacheka. Mke wangu hakucheka. Alikuwa amekaza macho kama mtu anayetunga uzi kwenye sindano.

"Hii giza sana," akasema. "Twende kwenye ile."

"Lakini mama, hii ndiyo yenye picha safi kuliko zote," dada muuzaji akamwambia. "Utaona mpaka jasho la mchezaji."

"Jasho la mchezaji la nini? Langu linatosha." Akanivuta mkono mpaka kwenye ya tano.

Nilidhani ananitania. Kwa kweli nilikuwa tayari kutaniwa, kwa sababu runinga yenyewe nilikuwa nimeikataa miezi mitatu.

Chumba chetu kilikuwa kidogo: kitanda, kabati lenye mlango usiokubali kufungwa, na dirisha linalotazama ukuta wa jirani. Ndicho kilichokuwa chumba changu cha kusemea. Mchana kutwa nilifundisha watu kuendesha gari, nikipayuka kulia, kushoto, angalia kioo, na jioni nilirudi nyumbani nikiwa na mizaha tu mdomoni. Maneno yenyewe, yale ya ndani, yalikuwa hayatoki mpaka taa izimwe. Ndivyo nilivyoumbwa. Taa ikizimwa, mke wangu aliweka mkono kifuani kwangu, nami nikaanza: mwanafunzi aliyelia njia panda, mkubwa wa kazi aliyenidharau, ndoto zangu, woga wangu. Nikifika kituo, yeye aliitikia, "Mm." Wenzangu kazini walilalamika kwamba wake zao hawawapi nafasi ya kumaliza sentensi. Mimi nilijiona nimeokota dhahabu.

Kwa hiyo aliposema anataka runinga chumbani, niliona ananifukuza. "Sebuleni ipo," nilimwambia.

"Ile ya wageni. Nataka yetu."

"Tutaacha kuzungumza."

"Hatutaacha," akasema. Mapacha wetu walikuwa wameshakua na kuhama, nyumba ilikuwa sisi wawili, na mke wangu hakuwa mtu wa kuomba omba. Nikakubali, ila roho ilinuna.

Tulipokuwa kwenye ile ya tano, mfanyakazi mmoja wa duka alikuwa juu ya ngazi akishusha boksi. Boksi likamponyoka. Liliangukia rafu ya masufuria, na rafu nzima ikaenda chini. Mlio wake ulinifanya niiname na kujikinga kichwa. Dada muuzaji alipiga yowe. Mtoto wa mtu akaangua kilio mlangoni.

Mke wangu alikuwa ameipa rafu ile kisogo, ameinama kusoma karatasi iliyobandikwa chini ya runinga. Hakutikisika, hata bega. Alimaliza kusoma, akageuka kuniuliza jambo, akaona uso wangu, akaona watu wanakotazama. Hapo ndipo akashtuka. Alishtuka kama mtu anayecheka kichekesho baada ya wenzake kunyamaza.

Nilikuwa nimeishi naye miaka ishirini na sita. Kushtuka kwake nakujua. Kule hakukuwa kushtuka.

Aliporudia kusoma ile karatasi, nilisogea nyuma yake nikamwita kwa jina ninalomwita mimi peke yangu. Kimya. Nikapaza sauti. Dada muuzaji alinitazama, akamtazama yeye, kisha akainamisha macho akaanza kupanga rimoti ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

Tulitoka bila kununua. Tuliingia kwenye gari la shule ya udereva, lile lenye breki mbili, ya mwanafunzi na ya mwalimu, yeye akaketi upande wa mwalimu. Sikuwasha. Nilikitazama kioo cha mbele nikauliza, "Tangu lini?" Hakujibu. Nilianza kukasirika, kisha nikaelewa, nikamgeuzia uso.

"Tangu lini?"

Aliutazama mdomo wangu, akashusha pumzi. "La kushoto lilianza kwenda kabla ya mapacha. La kulia likafuata polepole. Mwaka aliokufa mama nilibakiwa na sauti ya mtu aliye karibu akipayuka. Sasa hata hiyo hapana."

Alikuwa amefanya kazi miaka kumi na minane kwenye kiwanda cha nguo, sehemu ya kufuma. Akanieleza kwamba kule hakuna aliyesikia kitu. Mashine zilinguruma tangu kuingia mpaka kutoka, wanawake themanini wakazungumza kwa kutazamana midomo, wakawasengenya wasimamizi mbele ya macho yao. Kusoma midomo hakufundishwa na mtu. Alijikuta amejua, kama mtoto anavyojikuta anatembea.

Nikaanza kukumbuka. Simu zote aliniachia mimi nipokee, nikadhani ni heshima. Mezani alikaa mahali pamoja, anapotuona wote. Mapacha walilalamika kwamba mama haitiki mpaka umfuate mbele yake, nasi tukasema ana maringo.

"Mbona hukuniambia?"

"Mwanzo niliogopa watanitoa kwenye mashine. Halafu nikakuogopea wewe. Wewe ni mtu wa maneno. Nikajiuliza, akijua simsikii, maneno yake atayapeleka wapi?"

"Lakini ulikuwa unaitikia!"

"Nilikuwekea mkono kifuani. Kifua kikinguruma, najua unasema. Kikitulia, naitikia."

Nilicheka. Mungu anisamehe, nilicheka, naye akacheka, kisha tukaacha kwa pamoja.

"Si ungewasha taa, basi?"

"Taa ikiwaka wewe ni mwalimu wa udereva, huna jipya. Nikafikiri, labda runinga. Mwanga wake si taa, ila mdomo unaonekana. Labda utajisahau."

Kesho yake tulirudi dukani, tukaichukua ile ya tano. Fundi akatoboa ukuta unaotazamana na kitanda, akaitundika, akatuonyesha namna ya kuiegemeza mbele kidogo. Mke wangu alimfanya aishushe kiganja kimoja, kisha kingine. Fundi akasema kwa heshima kwamba yeye hajawahi kuona runinga ikitundikwa chini namna ile. "Basi leo umeona," mke wangu akamjibu.

Zile jioni za kwanza zilikuwa za ajabu. Tuliiwasha bila sauti, nikaanza kusema huku nikitazama mbele, aibu ikanishika, nikanyamaza. Jioni ya tatu nilijisahau. Nilikuwa nalalamika kuhusu mkubwa wangu wa kazi, na badala ya "mm" nikasikia, "Hapo mwenye makosa ni wewe." Nikageuka. "Ndiyo, wewe. Ulimjibu mbele ya wanafunzi, ulitaka akubusu?" Kumbe ile "mm" ilikuwa imenifichia mke mbishi. Tulibishana mpaka nikaomba maji. Sikumbuki ni lini nyingine nilifurahi hivyo.

Kisha akaanza kudai ya nyuma. "Miaka yote ile uliniambia nini? Anzia mwanzo."

Nikamwanzia. Nilimrudishia moja moja: yule mwanafunzi aliyeingia na gari kwenye kibanda cha kinyozi, ndoto niliyoota baba yangu amenipa mgongo, siku niliyodhani moyo wangu una ugonjwa nikaogopa kwenda kupimwa. Alicheka panapochekwa, akanikaripia penye kukaripiwa. Lakini katika zile habari kulikuwa na moja niliyoiruka kila nilipoifikia.

Miaka kumi na moja kabla ya runinga ile, mama mkwe alilazwa hospitali ya mbali. Nambari pekee aliyokuwa nayo ni ya ofisi yetu ya udereva. Alhamisi saa nne asubuhi nesi akapiga simu, nikapokea mimi. Alisema mgonjwa anamwita binti yake, na kwamba asichelewe. Wiki hiyo mapacha walikuwa na surua, homa imewapanda, na Ijumaa nilikuwa na mtihani wa kupandishwa kuwa mwalimu mkuu. Nilijiambia siku mbili si kitu, wagonjwa huita watu kila siku. Jumamosi ikaja simu ya pili. Hiyo nikaifikisha. Mke wangu alisafiri siku hiyohiyo, akamkuta mama yake ameshafunikwa shuka.

Mwezi mmoja baadaye nilimwambia, gizani. Nilisema yote, sikujitetea. Nilipomaliza, mkono wake ulikuwa kifuani kwangu, na alisema, "Mm." Nililia kwa shukrani. Kwa ile "mm" moja niliishi miaka kumi na moja, nikila, nikilala, nikijiita mtu aliyesamehewa.

Sasa ningeweza kunyamaza. Aliyejua ni mimi na nesi nisiyemfahamu hata sura. Tena nilijitungia hoja: nilishasema, kosa la masikio si langu. Wiki nzima niliibeba hoja hiyo, nayo ikawa kama kokoto ndani ya kiatu. Kila jioni yeye aliniuliza, "Na mengine?" na kila jioni uso wake ulikuwa mbele yangu, umeniamini.

Jumapili moja alasiri, dirisha wazi, nilimwambia akae kitandani anitazame. Nikasema.

Hakunikatiza. Nilipofika mwisho aliuliza, "Alhamisi?"

"Alhamisi. Saa nne asubuhi."

"Si Jumamosi."

"Si Jumamosi."

Alikaa akiutazama mdomo wangu baada ya mimi kuacha kusema, kana kwamba bado yapo maneno yanayotoka. Kisha akainuka, akashusha begi juu ya kabati, akaenda kwa mdogo wake. Mlango wa mbele aliufunga taratibu. Afadhali angeubamiza.

Alikaa kule siku kumi na mbili. Binti yetu alipiga simu: "Baba, umemfanya nini mama?" Nikamwambia nimemwambia ukweli. "Sasa ukweli gani huo wa kumtoa mtu nyumbani kwake?" akauliza. Kazini niliwaacha wanafunzi wapite kwenye alama za kusimama. Ile runinga sikuiwasha.

Siku ya kumi na tatu nilirudi nyumbani mchana nikamkuta ameketi kwenye ukingo wa kitanda, begi bado mkononi, viatu havijavuliwa. Alikuwa amekonda usoni. Nilibaki mlangoni.

"Nilikwenda kwenye kaburi la mama," akasema. "Nimemwambia sikuchelewa kwa kupenda."

Nikaitikia kwa kichwa.

"Kuna kipande sikukipata siku ile. Baada ya mambo ya simu ukasema sababu, lakini uliinamisha uso. Nimefikiri siku zote hizi ulisema nini, nimejaza mwenyewe mabaya kuliko yote. Inua uso, urudie."

Nilikuja nikachuchumaa mbele yake, kwenye mwanga wa dirisha. Kusema gizani ni rahisi, na kusema ukitazama chini ni gizani vilevile. Nikainua uso.

"Niliogopa," nikasema. "Watoto walikuwa wanaungua kwa homa na sikujua hata dawa zao zinakaa wapi. Niliogopa kubaki nao peke yangu. Ule mtihani ulikuwa kisingizio. Nilikuzuia kwa sababu niliogopa."

Alisoma kila neno. Niliona macho yake yakilifuata la mwisho mpaka likaisha, yakabaki hapo. Nje mtu alikuwa akipiga misumari, na ni mimi tu niliyeisikia.

Aliweka begi chini, akaanza kufungua kamba za viatu.

"Umekula?" akaniuliza.

"Bado."

Nadhani kuna kitu kilionekana usoni mwangu, kwa sababu aliacha kamba, akaninyooshea kidole.

"Sijasema yameisha," akasema. "Nimeuliza kama umekula."